Mwanangu Anaoa Korogwe

Mwanangu Bakari,

Shikamoo. Najua mama hamwamkii mwanawe, lakini mimi ni mama yako kwa jina na mtoto wako kwa damu, kwa hiyo shikamoo ipokee kama baba, halafu yanayofuata yasikilize kama mwana.

Umekwenda kuswali magharibi, na ukitoka huko utapita kuwaaga majirani. Ninavyokujua, kila nyumba utakaa. Shangazi yuko jikoni anagombana na moshi. Nimepata nafasi. Kesho asubuhi unapakia mashine yako ya kuchomelea na boksi la spana, unahama Handeni, unakwenda kuoa Korogwe na kuishi hukohuko kwa Bi Zaina. Mimi ninabaki hapa kwa shangazi mpaka nimalize kidato cha nne.

Jana ulinikuta uani nikifua, ukachuchumaa mbele ya beseni ukasema, "Mama, nipe radhi niende." Mimi nikanyanyua ndoo nikaenda bombani, na ndoo ilikuwa imejaa tayari. Nadhani uliiona. Hukunifuata. Sasa ninakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo siwezi. Hata darasani nikiulizwa swali ninalolijua, ninaangalia dawati mpaka mwalimu achoke aulize mwingine.

Nilipoanza kuandika sikuwa najua kama nitakupa hiyo radhi au la. Ninaandika ili nijue.

Sitakuandikia habari za dawa yako ya presha, wala shati lipi la kuvaa Ijumaa, wala namna unavyopenda uji wako. Hayo anayajua mwingine sasa, na asipoyajua atayajua. Naona vibaya hata kuyataja. Ni kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba aliyoifagia mwenyewe miaka yote.

Nina wivu, mwanangu. Neno hili nimeliandika nikalikata, nikaliandika tena. Binti wa kidato cha nne hatakiwi kumwonea wivu baba yake anayeoa. Anatakiwa kushona sare na kufurahi. Lakini wewe ndiye uliyenifanya mama yako, na mama ana haki ya wivu.

Unakumbuka ilivyoanza? Tangu nazaliwa uliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la bibi Mwajabu aliyekuzaa, lakini ulikuwa utani tu, kama watu wote wanavyotaniana na watoto wenye majina ya wazee. Kisha bibi akafariki sisi tukiwa Nampula, Msumbiji, ulikokuwa unatengeneza mashine za kusaga. Habari ilikufikia ameshazikwa. Uliporudi nami hapa Handeni, baada ya mama yangu mzazi na wewe kuachana, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Ulisimama pale hujui ushike nini. Shangazi akanisukuma mbele yako, nikiwa na miaka saba na kamasi usoni, akakwambia, "Mama yako huyu hapa. Lia kwake."

Ukapiga magoti, ukalia kwenye gauni langu mpaka likalowa. Sikuelewa, lakini nilikupapasa kichwa kwa sababu ndivyo shangazi alivyonionyesha kwa macho. Tangu siku ile hujaniita Mwajabu hata mara moja. Dukani wakaanza kuniita Mama Bakari. Wasichana darasani walicheka: "Mama Bakari, mwanao ana ndevu!" Nilijifanya nachukia. Kwa kweli nilikuwa natembea nimenyoosha shingo.

Kwa hiyo najua radhi uliyoniomba jana si yangu. Ni ile uliyoikosa kwa bibi. Ndiyo maana ni nzito, na ndiyo maana nilikimbilia bombani.

Sasa nikuambie nilivyomjua Bi Zaina kabla hujaniambia. Ulianza kwenda Korogwe kutengeneza mashine yake ya kusaga. Mara ya kwanza mkanda umekatika, sawa. Mara ya pili mawe hayasagi, sawa. Baadaye ikawa kila Jumamosi. Siku moja shangazi alikusimamisha mlangoni, umeshachana nywele.

"Kaka, mashine gani hiyo inayokufa kila Jumamosi?"

"Ni ya zamani."

"Ya zamani ni wewe. Na fundi gani anakwenda kazini ananukia hivyo?"

Ulicheka, mimi sikucheka. Nilihesabu mafundi wote ninaowajua nikaona hakuna anayerudi kazini akiwa msafi kuliko alivyoondoka.

Halafu ukanipeleka. Bi Zaina alinipokea vizuri, siwezi kudanganya. Ni mwanamke mnene kidogo, mjane wa Mashewa, anacheka kwa sauti, unga umemkaa kwenye nyusi kama wewe. Alinipa kiti kizuri, yeye akakaa kwenye gunia. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia sababu ya kumpenda. Ndipo mtoto wake, Nuru, akatoka ndani ana kikombe cha uji, akajikwaa akamwaga. Akaanza kulia. Na wewe, bila kufikiri, ukanyoosha mikono ukasema, "Njoo mama, njoo, usilie."

Mama.

Najua wanaume wote wa nchi hii huwaita watoto wa kike hivyo. Konda humwita hivyo mtoto asiyemjua. Lakini mimi nilisikia kama mtu amenivua nguo. Nilirudi Handeni nimenyamaza, ukadhani ni tumbo la safari ukaninunulia soda.

Bi Zaina alipokuja kwetu kutembea, mimi ndiye niliyepika makande. Unajua nilivyoyapika.

Kisha Mungu akanisaidia, au nilidhani hivyo. Mlikwenda kwa sheikh wa pale Korogwe mtangaze ndoa, akakuuliza kama umewahi kuoa. Ukasema ndiyo, na kwamba mliachana kwa hukumu ya mahakama kule Nampula, ukamtolea karatasi. Ulitusimulia mwenyewe jioni ile, umekata tamaa, kofia mkononi. Sheikh aliigeuza karatasi juu chini akasema, "Bwana Bakari, Kireno hiki hata kikiwa ni tusi mimi nitaitikia amina."

Akakueleza kuwa ndoa yako na mama yangu ilifungwa bomani Korogwe, kwa kuwa wewe Mwislamu wa Handeni na yeye Mkristo, Msambaa wa Mpale, na mliandika kuwa ni ya mke mmoja. Kwenye vitabu vya serikali yetu mama yangu bado ni mkeo. Mpaka mahakama ya hapa iitambue hiyo talaka ya ugenini, hakuna wa kukuozesha.

Shangazi alishika kichwa. Mimi nilikwenda jikoni, nikafunga mlango, nikacheka peke yangu huku nimeziba mdomo kwa kanga. Mama yangu bado mkeo! Miaka yote ile nimekaa nikidhani hana chochote kwako, kumbe yuko kwenye kitabu.

Nilimwomba mwalimu wa uraia aniazime kitabu cha Sheria ya Ndoa. Alifurahi, akaniambia, "Mwajabu, utakuwa wakili wewe." Wanafunzi wengine husoma ili wafaulu. Mimi nilisoma ili ufeli wewe. Nikakuta kifungu chenyewe: hukumu ya talaka ya nchi nyingine itatambuliwa hapa kama mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi hiyo, au aliishi huko kwa muda usiopungua miaka miwili kabla kesi haijafunguliwa. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikiomba isitimie miwili. Ilitimia na kuzidi. Nilipelekwa huko ninatambaa, nikarudi nina mapengo.

Lakini kujua ni kitu kimoja na kuthibitisha ni kingine, na hapo ulikuwa mtupu. Pasipoti yako iliibwa Mtwara njiani kurudi. Na ile hukumu yenyewe, mwanangu, ulikuwa umeipeleka stesheneri ikapigwa laminesheni! Uliipenda sana ile karatasi, ukaiweka ndani ya plastiki isiingie maji wala mende, kama tunavyofanya sote na vyeti vyetu. Karani wa mahakama pale Korogwe aliipapasa kwa kidole gumba akitafuta mhuri uliobonyezwa, plastiki ikateleza tu.

"Mzee, hapa siwezi kujua kama ni mhuri au ni picha ya mhuri. Na mfasiri anayetambulika hawezi kugonga wake juu ya nailoni. Leta nakala nyingine iliyothibitishwa hukohuko ilikotoka."

Ukatoka nje, ukakaa kwenye ngazi, ukaniambia, "Mama, nimeifunika nikaiua." Nilikuhurumia. Halafu nikafurahi kwamba umeiua. Vyote viwili kwa pamoja, na sikujua kipi kinipe haya.

Wa kukuletea nakala nyingine alikuwa mmoja tu, mama yangu mzazi, ambaye yuko Nampula bado, ana mume mwingine na watoto wengine. Ulimpigia simu mbele yangu, ukaweka sauti wazi. Nilikaa nikingoja akatae. Nilikuwa nimeshamwandikia majibu kichwani: atasema hapana, atasema yeye ni mkeo, atauliza kwa nini, atalia. Yeye akasema, "Haya Baba Mwajabu, wiki ijayo nitakwenda mahakamani nikuchukulie. Huyo mwanamke ana bahati, nyumba yake haitakosa unga." Mkacheka wote wawili. Kisha akauliza, "Mtoto hajambo?" Nilikuwa nimekaa palepale. Ukasema, "Huyu hapa." Akasema muda wa maongezi unaisha.

Nakala ikafika kwa dereva wa lori, na pamoja nayo maandishi yake kwamba hapingi chochote. Miaka mingi hakunitumia hata kitambaa cha kichwa, lakini kukuacha huru alikwenda kupanga foleni mahakamani. Kitu hicho kilinichoma kuliko Bi Zaina. Ukaipeleka Dar es Salaam kwa mfasiri, ikarudi ina Kiswahili kizuri na mihuri, wala safari hii hukuiweka kwenye plastiki.

Ikabaki ile miaka miwili. Maandishi ya mama hayakutaja aliishi kule tangu lini, na karani alitaka miaka yako wewe mwombaji. Nani ashuhudie kuwa uliishi kule? Wenzako wa Nampula wametawanyika. Shangazi hajawahi kuvuka hata mto wa huko. Ulikuja ukakaa karibu nami ninaposoma, ukasubiri nimalize ukurasa.

"Mama, ni wewe tu. Usipotaka, sitakulazimisha."

"Na nisipotaka?"

"Nitaendelea kutengeneza mashine."

Ulisema hivyo halafu ukainuka. Ingekuwa rahisi kama ungenilazimisha, ningekataa.

Siku ya shauri tulikaa kwenye benchi nje, mimi na Bi Zaina na Nuru, wewe uko ndani na shangazi anatoa ushahidi wake. Bi Zaina alikuwa amefunga maandazi. Akanipa, nikasema nimeshiba. Nuru akaniangalia sana, mwishowe akauliza, "Wewe ndiye mama yake baba?"

"Usiseme baba, sema mjomba," Bi Zaina akamwambia haraka, uso umembadilika.

"Mjomba baba," Nuru akasema.

Bi Zaina akafunua maandazi akayafunika tena. Akaniambia bila kuniangalia, "Mwajabu, najua hunipendi. Makande yale yalikuwa na chumvi ya kumlambisha ng'ombe."

Nilitamani benchi linimeze.

"Na nilikula yote," akasema. "Mpaka nikaomba ya pili. Usiku kucha nilikunywa maji kama ngamia. Sikutaka uende kumwambia bibi yako aliyeko kaburini kuwa mkwe wake anachagua chakula."

Nilicheka, baba. Sikutaka, kilinitoka tu, na nilipokuwa bado nacheka karani akaita jina langu.

Wewe ulikuwepo ndani, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo hukuona yote. Hakimu ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniapisha, akaniambia niongeze sauti, nisimwogope. Akaniuliza tulikaa nyumba gani Nampula. Nikamwambia nyumba ya bati jekundu karibu na soko. Akauliza kama nilisoma huko. Nikasema ndiyo, chekechea, na darasa la kwanza niliacha katikati. Akauliza niliporudi Handeni nilikuwa naongea lugha gani. Nikasema Kiswahili cha nyumbani nilikijua, lakini kuhesabu nilijua kwa Kireno tu, na kucheza nilijua kwa Kimakua, na watoto wa Handeni waliniita Mreno. Akaniambia nihesabu. Nikahesabu mpaka kumi, na karani akatabasamu.

Baadaye shangazi alinisimulia kuwa yeye alikuwa ameshamwambia hakimu, "Mheshimiwa, mtoto alitumwa mayai matano akarudi na kikapu kitupu, hajui tano ni nini. Mtu haendi matembezi akarudi Mreno!"

Kisha hakimu akavua miwani akauliza swali ambalo ndilo lililokuwa lenyewe. "Na baba yako, Mwajabu, wakati wote huo alikuwa anaishi huko na ninyi? Au alikuwa mtu wa kuja na kuondoka?"

Mwanangu, nilikuwa na jibu la kweli ambalo lingekuzuia. Nikasema, "Alikuwa anasafiri sana."

Nikanyamaza hapo.

Ni kweli tupu. Ulikuwa unasafiri sana. Sikuongeza neno, na hakimu akaanza kuandika. Nilisikia kalamu yake. Nikawaza kuwa nikinyamaza tu, bila kudanganya, bila dhambi hata moja, kesho utakuwa Handeni, na keshokutwa, na hakuna atakayeitwa mama nyumbani kwetu ila mimi. Nikakuangalia. Nilitegemea unitolee macho, au unitikisie kichwa, au hata uniombe kwa uso. Hukunyanyua kichwa. Ulikuwa unaangalia mikono yako, na kucha zako ulikuwa umezisugua mpaka mafuta ya mashine yote yametoka. Sijawahi kuziona kucha zako safi. Nilifikiri, mtu huyu amekuja mahakamani kama mtoto anayepelekwa shule siku ya kwanza, na hana wa kumsemea.

Nikasema, "Samahani mheshimiwa, sijamaliza. Alikuwa anasafiri kwenda vijijini hukohuko kutengeneza mashine za kusaga. Anakaa siku mbili tatu, anarudi. Akirudi ana unga kwenye nyusi na mimi ndiye namfuta. Nguo zake zilikuwa kwetu. Kitanda chake kilikuwa kwetu. Hakuwa na kwao kwingine."

Hakimu akasimamisha kalamu, akaniangalia, akaanza kuandika upya.

Siku ya uamuzi alisoma kwamba mahakama imeridhika na inaitambua talaka ile kama talaka halali hapa nchini. Shangazi akapiga kigelegele mpaka askari akamwambia, "Mama, hapa si harusini." Naye akamjibu, "Ndiko tunakoelekea, mgosi, usitucheleweshe." Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, nikifikiri kwamba dakika ileile mama yangu ametoka kwenye kitabu, na niliyemtoa ni mimi.

Sasa nikuambie nilichojifunza, halafu nikuache. Mimi sijaolewa, ndoa siijui. Ninajua kungoja tu, na kwa hilo nina elimu kuliko wewe.

Kule Nampula ulikuwa unaondoka bila kusema. Unachukua boksi la spana kama mtu anayekwenda dukani, halafu unarudi baada ya siku tatu. Mama alikuwa anakupakulia chakula siku ya kwanza. Siku ya pili anakipakua na kukifunika. Siku ya tatu anatupa kile cha jana na kunipa mimi cha leo. Sikumbuki mkigombana. Nakumbuka sahani tu, na siku moja nikakuta hakukupakulia kabisa, na uliporudi hukugundua, ulikula nilichobakiza. Nadhani kesi ile ya talaka ilianza siku hiyo, karatasi zikafuata baadaye. Kwa hiyo ukitoka kwa Bi Zaina, sema unakokwenda. Mwambie hata kama ni kunyoa. Mwanamke yule anacheka kwa sauti, lakini mume wake wa kwanza alitoka asubuhi akarudishwa amefunikwa, na aliniambia mwenyewe siku tulipokuwa tukingoja uamuzi kwamba bado usiku husikiliza mlango.

Na mimi nimekosea, kwa kuwa nilikuzuia kwa upendo nikauita utunzaji. Nilijifunza mchuzi wa bibi, nikajifunza kukunja kofia zako, nikajifunza kujibu simu za wateja, ili usikose kitu chochote, na usipokosa kitu usitafute mtu. Kumbe mtu anaweza kushiba, akavaa safi, na bado Jumamosi akaitafutia mashine nzima ubovu. Hilo halikuwa kosa la mapishi yangu. Imenichukua muda kuliamini.

Nuru mpende. Ninasema hivyo huku meno yameumana, lakini mpende. Yeye naye baba aliyemzaa hayupo, na alipolala benchi lile mahakamani aliniegemea mimi bila kuuliza nani ni nani. Mnunulie viatu, mbebe, mpeleke shule, mwite Nuru, mwite binti, mwite mchumba wa sheikh, mwite chochote kitakachokujia mdomoni. Mama usimwite. Hilo moja niachie. Sijakuomba mahari wala kanga wala nafasi kwenye nyumba yako, ingawa Bi Zaina amesema chumba changu kipo. Nimekuomba hilo tu. Najua litakutoka kwa mazoea, na likikutoka, jirekebishe palepale, hata kama watu wapo, hata kama wanakushangaa.

Korogwe si Ulaya. Nimejiambia hivyo wiki nzima. Mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo na kuwahi kuanua nguo. Lakini siku nikija, nitabisha hodi. Hapa sijawahi kukubishia hodi.

Nasikia sauti yako kwa Mzee Shekivuli, unacheka, kumbe umekaribia. Niharakishe.

Bakari mwanangu, mimi Mwajabu, kwa jina nililopewa na kwa niaba ya mwenyewe aliyelala kule nyuma ya migomba, radhi nimekupa. Nenda. Ulipokwenda Nampula uliondoka bila ya mama kukuaga, na safari hii umeagwa. Sikuwa na hakika nilipoanza karatasi hii, na hata sasa mkono hautaki, lakini neno nimeshaliandika na sitalikata.

Hiyo ni yako peke yako. Bi Zaina yake bado. Mwambie mkeo kuwa mkwe hapelekewi radhi na mumewe. Harusi ikipita aje Handeni mwenyewe, bila wewe, na asilete maandazi. Nitampikia mimi, na nitaweka chumvi ya watu. Akimaliza kula tutaongea, mimi na yeye, na nikiridhika nitampa. Nisiporidhika atarudi tena Jumamosi inayofuata.

Mama yako,
Mwajabu